Taa ya Bafuni kwa Lomunokol

Siku Akoru alipopigwa na stima, alikuwa amesimama juu ya stuli bafuni kwake, mtaa wa Nawoitorong mjini Lodwar, mkono mmoja umeshika balbu iliyoungua na mwingine umeshikilia bomba la maji asije akateleza. Swichi alikuwa ameizima. Alikumbuka vizuri, kwa sababu aliizima kwa kiwiko, vidole vikiwa bado na povu la kuoshea vyombo. Aliposukuma balbu ili aizungushe, kidole kikaingia kwenye ufa wa holda kuukuu, na kitu kikamng'ata kiganjani kikapanda mpaka begani. Balbu ilimponyoka ikapasuka. Yeye mwenyewe alijikuta ameketi sakafuni katikati ya vigae vya kioo, mgongo umeegemea mtungi wa maji.

Sebuleni, mumewe Lomunokol alisikia kishindo. Miaka miwili nyuma angekuwa amefika kabla kioo hakijatulia. Lakini tangu kiharusi kimwangushe, mkono wake wa kulia ulikuwa ukilala pajani kama mzigo wa mtu mwingine, na mguu wa upande huo aliuburuta. Akoru alimsikia akiinuka, akaisikia fimbo ikianguka, akasikia kiganja kikipapasa ukuta wote wa korido.

"Mama Akaale! Mama Akaale!"

"Niko mzima. Usiingie, kuna vioo."

Alipotokea mlangoni, uso wake ulikuwa umelowa jasho. Alimtazama mkewe kuanzia kichwani hadi miguuni. Kisha woga wake ukageuka kuwa kitu kingine.

"Ulizima swichi?"

"Nilizima."

"Hukuzima."

"Baba Akaale, nimekwambia nilizima."

"Ungezima usingepigwa." Tangu augue maneno yake yalitoka polepole, moja moja, lakini haya yalitoka yamenyooka. "Nyumba hii niliiweka waya mimi. Swichi ikizimwa, taa inakufa. Umesahau, basi. Kubali."

Akoru alifagia vile vioo, akasugua bega lake kwa maji ya uvuguvugu, akaenda zamu yake ya zahanati bila kuaga.

Alikuwa mkunga kwa miaka ishirini na tisa. Watu wazima wengi wa mtaa ule walipita mikononi mwake wakiwa watoto wachanga, na hakuna aliyewahi kumwita msahaulifu. Mumewe naye alikuwa fundi wa stima ambaye watu walimngoja hata wiki mbili badala ya kuita mwingine. Alikuwa ameweka waya kwenye makanisa, maduka na majumba ya watu kutoka Lodwar mpaka Kakuma, na huko Kakuma alifundisha vijana ufundi kwa miaka sita. Walipendana kwa muda mrefu, na labda ndiyo sababu kile kimya kilichofuata kiliwachoma wote wawili.

Siku tatu walizungumza mambo ya lazima tu. Chai hii hapa. Dawa umemeza? Bafu lilibaki na giza. Halikuwa na dirisha, ila matundu manne ya hewa karibu na dari, na hata saa sita mchana, jua la Lodwar likiwa linapasua mawe nje, ndani mtu alilazimika kupapasa sabuni. Siku ya nne Lomunokol aliteleza humo. Hakuanguka hadi chini, maana alinasa kwenye mlango, lakini Akoru alipomkuta amening'inia kwenye kitasa, taulo limemdondoka na macho ameyafumba kwa aibu, hasira zake zote zilimwisha. Alimfunika, akamketisha kitandani, akamkausha miguu kidole kwa kidole kama alivyozoea kukausha watoto.

"Aukot anasema shemeji yake anajua stima kidogo," alisema. Aukot alikuwa jirani yao.

"Nyumba hii haiguswi na mtu anayejua kidogo."

"Basi tutaoga gizani hadi lini?"

Lomunokol aliutazama mkono wake wa kulia. "Sijui," alisema.

Alasiri ile Akoru alitoka nje, akasimama kwenye kivuli cha mkoma, akampigia simu Eugénie.

Eugénie alikuwa Mkongomani, alifika kambi ya wakimbizi ya Kakuma kutoka Bukavu na mama yake akiwa bado msichana. Kwenye darasa la Lomunokol alikuwa msichana pekee, na sasa ndiye aliyekuwa akiitwa huku na huku, Kakuma na Kalobeyei, kufunga taa na kutengeneza mitambo ya sola. Akoru alimweleza yote, hata habari ya kuteleza.

"Mama, mie ningekuja leo leo," Eugénie alisema, "lakini karatasi ya kusafiri haiyatoka. Nitatuma taa ya bafu kwa gari ya kesho. Ile ya kufungwa kabisa, iko na mpira pembeni, maji haiingie. Na tesita yangu ya kupima stima nitatuma. Halafu Mwalimu atakuonyesha."

"Atanionyesha mimi? Mimi nazalisha watu, Eugénie. Stima siijui."

"Mama, sikia. Wakati alikuwa anatufundisha, Mwalimu alikuwa anaweka mikono mfukoni. Yote mbili. Hakugusa waya ya mwanafunzi hata siku moja. Alikuwa anasema tu, na siye tunafanya. Ile mikono yake ya kufundisha haikuugua."

Akoru alibaki ameishika simu sikioni hata baada ya kukatika.

Kifurushi kilifika Ijumaa. Alikiweka mapajani mwa mumewe, akamwambia kimetoka kwa Eugénie. Lomunokol alikifungua kwa mkono wa kushoto na meno. Akaitoa taa: duara jeupe la plastiki, kifuniko chake cha kujifunga kwa skrubu, na pete ya mpira mweusi kuzunguka ukingo. Aliuzungusha ule mpira kwa kidole gumba, akaunusa, akautazama dhidi ya mwanga.

"Ameleta nzuri," alisema. "Ameleta ile ningechagua mimi."

"Ataifunga nani?"

Aliinua macho. Akoru alikuwa ameshavua pete yake ya ndoa na bangili zake zote, amezipanga mezani. Lomunokol alizitazama kwa muda mrefu.

"Kesho asubuhi," alisema. "Sakafu iwe imekauka kabisa. Na viatu vya raba."

Jumamosi saa tatu Akoru alikuwa amekwisha kupiga deki bafuni na kukausha, na kuazima ngazi ya mbao kwa Aukot. Lomunokol aliketi kwenye kiti mlangoni pa bafu. Mkono wa kushoto aliuingiza mfukoni. Akoru aliona, akainamisha uso ili asimwone akitabasamu.

"Kwanza tesita," Lomunokol alianza. "Ichomeke kwenye soketi ya sebuleni. Inawaka?"

"Inawaka."

"Basi ni nzima. Tesita iliyokufa inaweza kukuua, kwa sababu itakuambia hakuna stima hata kama ipo. Sasa nenda kwenye ubao wa stima, zima swichi kuu. Siyo ya bafuni. Kuu."

"Friji je?"

"Friji itangoja."

Alizima. Nyumba ikanyamaza, hata ule mvumo wa feni waliozoea kutousikia ukakatika. Lomunokol alimwagiza abandike utepe juu ya ile swichi, kisha karatasi. Akoru aliandika kwa herufi kubwa, kama anavyoandika kwenye mlango wa chumba cha kujifungulia: USIWASHE. MTU YUKO KAZINI. Akarudia soketi ya sebuleni kwa tesita. Haikuwaka.

Alijivika taa ndogo ya sola shingoni, akapanda ngazi. Kwenye kipago cha pili alisimama, bega likimkumbusha siku ile.

"Unaogopa?" mumewe aliuliza.

"Ndiyo."

"Vizuri. Mimi niliogopa kila siku kwa miaka ishirini na sita. Shuka upumue, halafu panda tena. Hakuna anayetufukuza."

Alishuka, akapumua, akapanda. Alifungua skrubu mbili zilizoliwa na kutu, na ile holda kuukuu ikashuka ikiwa imening'inia kwenye nyaya zake, imebabuka na kuwa ya kahawia. Kabla hajagusa chochote, Lomunokol alimtaka apime tena pale pale, waya kwa waya. Tesita haikuwaka kwa hata mmoja.

"Sasa piga picha. Kabla hujafungua hata mmoja. Kichwa husahau, picha haisahau."

Akoru alipiga picha kwa simu, akashuka akampa. Alipanda tena na kukaa kwenye kipago cha tatu kusubiri agizo.

Agizo halikuja. Lomunokol alikuwa ameikuza ile picha kwa kidole gumba, akaisogeza kulia, akairudisha kushoto, akaileta karibu na uso. Kuku wa jirani alilia nje. Akoru alidhani labda macho yamemsumbua, akataka kushuka.

"Kaa," alisema Lomunokol. Akaikuza picha tena. "Mama Akaale. Siku ile ulizima swichi."

"Nimekwambia mara ngapi?"

"Ulizima. Haikusaidia." Aliiweka simu pajani. "Kuna waya mwekundu na mweusi zinazotoka kwenye ubao. Mwekundu ndio unaoleta moto. Mweusi unaurudisha. Swichi lazima ikate mwekundu, ili ukizima, moto usifike kwenye taa hata kidogo. Hapa mwekundu umeunganishwa moja kwa moja kwenye taa. Mweusi ndio umepelekwa kwenye swichi. Ukizima, balbu inazimika, unaona giza, unasema salama. Kumbe moto uko pale pale unakungoja."

"Nani alifanya hivyo?"

Akoru aliuliza tu, bila hila yoyote; hakudhani fundi kama mumewe angefanya kosa kama hilo. Na baadaye alipofikiria jambo hili alijua kwamba mumewe angeweza kumwambia lolote. Angeweza kusema waya zimechoka, angeweza kusema panya. Angeweza hata kumwagiza abadilishe huu na ule bila kueleza, naye asingejua maisha yake yote.

"Mimi," alisema Lomunokol. "Hapakuwa na mtu mwingine. Ulikuwa mwaka ule Akaale alizaliwa. Nilikuwa nimetoka Kakuma, nimechoka, nataka uingie kwenye nyumba yenye taa na mtoto wako. Nikafunga bafu hili mwisho." Mdomo ulimvutika upande mmoja kama ulivyofanya kila alipohangaika. "Miaka kumi na minne umeoga chini ya kitu hiki. Na mtoto. Halafu nikakuita msahaulifu."

Akoru alishuka ngazi. Alipiga magoti mbele ya kile kiti, akaushika ule mkono wa kulia usioshika, akauweka shavuni kwake. Machozi ya mumewe yalimdondokea kwenye nywele na hakuyafuta.

"Tuko wazima sote," alisema. "Akaale yuko Eldoret anasoma. Mimi niko hapa. Kosa umeliona. Niambie namna ya kulitoa."

"Ningekuua."

"Hukuniua. Niambie, Baba Akaale. Waya gani kwanza?"

Alijikaza, akapangusa uso kwa bega, na mkono wa kushoto ukarudi mfukoni.

Kazi yenyewe haikuwa ndefu, ila Lomunokol hakukubali iharakishwe. Alimwambia autenge kwanza ule mwekundu na mweusi wa kutoka kwenye ubao. Kisha zile nyaya mbili zinazoteremka kwenye swichi ya ukutani, azizungushie kipande cha utepe mwekundu kila moja, ili fundi yeyote atakayekuja baadaye ajue zina moto. Mwekundu wa ubao aunganishe na waya mmoja wa swichi. Ule mwingine wa swichi uende kwenye taa, mahali palipoandikwa L. Mweusi uende kwenye taa moja kwa moja, palipoandikwa N. Ule wa kijani, wa kupeleka stima ardhini, ulikuwa umekunjwa pembeni, nao akauingiza kwenye tundu lake.

"Usimenye waya sana. Shaba isionekane nje."

"Kama hivi?"

"Punguza kidogo. Sasa kaza. Usikaze kwa hasira, utakata. Kaza kama unafunga kitovu."

Akoru alicheka kwa sauti, huko juu kwenye ngazi, na Lomunokol akacheka naye, kicheko chake kipya cha upande mmoja. Alivuta kila waya taratibu kuona kama unachomoka. Hakuna uliochomoka. Akafunga kitako cha taa kwenye dari, akaziba tundu la waya kwa ule mpira mdogo uliokuja nayo, akaweka balbu, akalaza pete ya mpira kwenye mfereji wake na kukaza kifuniko pande zote sawasawa.

"Shuka. Toa ngazi. Nawa jasho la mikono ujikaushe, ndipo uende kwenye ubao."

Alibandua karatasi, akabandua utepe, akawasha swichi kuu. Feni ikaanza. Alirudi mlangoni pa bafu, akamtazama mumewe.

"Washa wewe," alisema.

Lomunokol aliegemea ukuta, akanyoosha mkono wa kushoto, akabonyeza. Bafu zima likajaa mwanga mweupe, na kwa mara ya kwanza Akoru aliona jinsi rangi ya kuta ilivyokuwa imechakaa.

Lakini mumewe hakuwa amemaliza. Alimtaka azime ile swichi ya ukutani, arudishe ngazi, afungue tena kifuniko, atoe balbu, apime ndani ya holda kwa tesita bila kugusa chuma.

"Haiwaki," Akoru alisema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Lomunokol alifumba macho, akaegemeza kichwa ukutani.

Jioni hakula vizuri. Akoru alidhani ni uchovu, lakini alipoondoa sahani mumewe alimshika mkono. "Mwezi ule ule niliiweka waya nyumba ya Alier, kule Kakuma," alisema. "Wana wajukuu pale. Kama nilikosea hapa, pengine nilikosea na pale."

"Tutampigia Eugénie akaangalie."

"Ataangalia yeye. Lakini kumwambia Alier lazima niende mwenyewe."

Alhamisi iliyofuata walikwenda. Tangu augue, Lomunokol hakuwa ametoka Lodwar, na njia nzima alishika fimbo kwa nguvu. Eugénie aliwapokea Kakuma akiwa na ovaroli na mkoba wa vifaa begani. Alipomwona mwalimu wake akishuka upande upande, alisimama kwanza, mkono mdomoni. Kisha akaja mbio akamkumbatia, akamkumbatia na Akoru.

"Mwalimu, nisamehe. Siku mingi sikupiga simu. Nilisikia sauti yako mara moja tu baada ya ugonjwa, nikalia, nikaogopa kupiga tena."

"Sauti ni ile ile," alisema Lomunokol. "Inatembea kwa mguu tu siku hizi."

Alier alikuwa mzee mrefu wa Sudan Kusini, mwenye duka la nafaka, na nyumba yake ilikuwa nyuma ya duka. Ejok, ejok, walisalimiana, wakaletewa viti na chai. Lomunokol hakugusa chai. Alieleza kosa alilolifanya nyumbani kwake na hofu aliyokuwa nayo juu ya nyumba hii, maneno yakitoka moja moja, na alipokwama Akoru hakumsaidia. Alingoja, na wote wakangoja.

"Umesafiri kutoka Lodwar, hali hii, kuja kuniambia hivyo?" Alier aliuliza.

"Ndiyo, mzee."

Alier aliinuka. "Zimeni stima ya nyumba," aliwaita watu wake. "Fundi wangu amekuja."

Eugénie alizima, akapima, akapanda. Lomunokol alisimama chini, fimbo mkononi, shingo ameinyoosha. Akoru alisimama nyuma yake, karibu, kiganja kimoja mgongoni mwake, na kupitia shati alisikia moyo ukikimbia. Eugénie alishusha holda ya bafuni, akamulika kwa tochi, akachunguza kwa muda.

"Mwalimu," alisema, "mwekundu iko kwenye swichi. Iko sawa kabisa."

"Angalia tena."

"Nimeangalia. Iko sawa."

Walikagua jikoni, vyumba vyote, hata taa ya nje. Kila mahali kazi ilikuwa safi, waya zimelala vizuri kana kwamba zilifungwa jana. Eugénie alipiga picha moja awaonyeshe wanafunzi wake. Alipowasha stima na wajukuu wa Alier kushangilia, Lomunokol aliketi chini ghafla, akacheka na kulia kwa pamoja, na Alier akampa kitambaa chake mwenyewe.

Akoru alimwangalia. Alifurahi, kweli alifurahi, lakini ndani ya furaha ile kitu kidogo kilimchoma, naye hakuwa mtu wa kumeza maneno.

"Kwa hiyo nyumba za watu ulizifanya kwa macho yote mawili," alisema, "na sisi tukapewa jicho moja."

Eugénie aliinamia mkoba wake. Lomunokol aliacha kucheka. Alimtazama mkewe, na hakutafuta pa kujificha.

"Ndivyo ilivyokuwa," alisema. "Nguvu nilizimaliza huku, nyumbani nikaleta makombo. Siyo stima tu."

Akoru alikuwa amesubiri neno hilo muda mrefu bila kujua kwamba analisubiri, na sasa lilipokuja lilimkuta hana pa kuliweka. Alikaa kwenye kiti kando yake. Alichukua kikombe cha chai kilichokuwa kimepoa, akakipeleka midomoni mwa mumewe upande ule mzuri, naye akanywa.

"Jikoni kuna taa moja na soketi mbili," alisema Akoru. "Chumbani kuna taa mbili. Tukirudi tunazifungua zote."

"Moja moja," alisema Lomunokol.

"Moja moja. Eugénie, hiyo tesita siirudishi."

"Kaa nayo, Mama," alisema Eugénie, akicheka. "Mie nitanunua ingine."